Kichwa cha jarida kwa alama za kompyuta za zamani: matofali, nukta nundu au alama mpya?

Mchoraji_Maandishi: Wakuu, tunaandaa jarida kuhusu michezo ya kompyuta za miaka ya 1980. Nataka kichwa na michoro viwe maandishi, si picha. Njia ni tatu: matofali ya kawaida (█ ▀ ▄), nukta nundu (⣿ ⡇), au alama zilizoingia Unicode 13 (orodha ya kimataifa inayopa kila herufi ya kompyuta namba yake) mwaka 2020, namba U+1FB00 hadi U+1FBFF. Nichukue ipi? Toleo la kwanza linakaribia.

Kodi437: Mbona hujasema litasomwa wapi? Barua pepe, tovuti au terminali (dirisha la amri za maandishi)?

BiFonti: Na fonti utaiweka wewe, au unategemea aliyo nayo msomaji?

Mchoraji_Maandishi: Barua pepe kwanza, kisha tovuti. Wengi wanatumia simu.

BiFonti: Basi kwenye barua pepe hizo za 2020 achana nazo. Fonti nyingi hazinazo, msomaji ataona visanduku vitupu. Kwenye tovuti pakia fonti yako. Fonti ya bure ya GNU Unifont inazo. Nafasi kati ya mistari iondoe kabisa, la sivyo mchoro utakatika vipandevipande.

Teleteksi: Mimi sibanduki kwenye sekstanti, zilizo kati ya alama hizo za 2020. Herufi moja ina vyumba sita, viwili kwa upana na vitatu kwa urefu, kama ilivyochora teleteksi, ile huduma ya zamani ya maandishi kwenye televisheni. Ukiandika programu ya kuzitoa, angalia hapa: michanganyiko ya vyumba vyeusi na vitupu ni 64 lakini kuanzia U+1FB00 zimewekwa 60 tu. Nafasi tupu, █, ▌ na ▐ zilikuwapo tayari, kwa hiyo ukihesabu moja kwa moja mchoro unahama.

Kodi437: Sekstanti zimenitesa. Kazini tulirithi mfumo ambao hifadhidata yake iliwekwa kupokea baiti tatu tu kwa herufi. Matofali yanatosha humo, kwani █ ni baiti tatu kwa UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi maandishi. Sekstanti ni nne. Makala iliingia bila onyo lolote, ikakatwa pale pale kwenye alama ya kwanza. Aya zote za chini zikapotea. Tulipobadilisha mpangilio wa hifadhidata, likaja la pili: programu ilihesabu kila sekstanti kuwa herufi mbili, maana UTF-16, njia nyingine ya kuhifadhi, huiweka kwa vipande viwili. Mstari wa alama 40 ukawa unakatwa kwenye ya 20. Jaribu mfumo wako mapema, ndugu yangu.

Vidole_Kumi: Mimi sioni, nasoma kwa kifaa cha nukta nundu. Mkichorea alama hizo, pini zinainuka na napata herufi zisizo na maana, mstari baada ya mstari. Hayo ni maandishi yetu, si rangi ya kupaka. Naomba mziache.

Teleteksi: Umesema kweli. Unicode 16 ya 2024 imeleta oktanti, vyumba viwili kwa vinne, umbo lile lile la nukta nane. Sababu ya kuazima nukta nundu imepungua.

BiFonti: Ila fonti zenye oktanti ni chache zaidi. Na hata matofali, yafiche kwa aria-hidden (agizo la HTML) ili programu inayowasomea wasioona skrini isiyasome, kisha andika maelezo ya mchoro.

Vidole_Kumi: Maelezo ya kweli lakini, si neno “mchoro” peke yake.

Mchoraji_Maandishi: Nukta nundu nimezitoa. Barua pepe naelekea matofali. Tovuti bado nasita, nitajaribu kwanza kwenye simu kadhaa.

Kodi437: Kwani herufi za kompyuta ya zamani ya Commodore 64 zilizogeuzwa rangi zimo kwenye alama hizo mpya?

BiFonti: Nyingi hazimo. Kugeuza rangi ni kazi ya mtindo wa ukurasa.

Teleteksi: Hapo sikubaliani. Ukinakili maandishi, mtindo unabaki nyuma na mchoro unaharibika.