Naomba ushauri: folda zimejirudia baada ya kuhamia laptop mpya

Wakuu, naombeni msaada. Kwa haraka zangu nilikopi folda yangu ya mtandaoni kwenye diski ya nje, nikaibandika kwenye laptop mpya, ndipo nikaingia kwenye akaunti. Programu ikashusha kila kitu upya! Sasa nina "Kazi" na "Kazi (1)", "Picha" na "Picha (1)", zote zimepanda mtandaoni na nafasi ya bure imejaa. Kibaya zaidi, mafaili mengine mapya yako kwenye (1), mengine kwenye ile ya kwanza. Naogopa kufuta, maana nikifuta hapa kwenye laptop, na kule mtandaoni yanafutika. Nisimamishe kwanza usawazishaji (sync, yaani programu kufananisha mafaili ya laptop na ya mtandaoni)? Nitalinganishaje mafaili yenye jina moja ila ukubwa tofauti? Natumia Windows 11. Picha za harusi ya dada zimo humo, msinicheke.