Dawa ya magugu ziwani: tupime katikati ya ziwa au mlangoni mwa mto?

Mleta mada

Wakuu, naomba tujadili jambo ambalo naona wengi wanalipita juu juu. Ikitajwa atrazini katika Ziwa Michigan kule Marekani (ni dawa ya kuua magugu, inatumika sana kwenye mahindi, miwa na mtama), watu hugawanyika papo hapo. Hawa wanasema ziwa limejaa sumu, wale wanasema kilichomo hakimsumbui hata kiluwiluwi. Mimi naona wote wanabishania namba bila kuuliza ilichotwa wapi, na siku gani.

Tuanze na kilichofanyika. Mwaka 1994 na 1995 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilisimamia upimaji wa ziwa zima kwa mpango mmoja. Meli ya utafiti ilichota maji ya ndani, watu wengine wakachota kwenye mito 11 inayoingia ziwani, na mvua nayo ikakingwa na kupimwa. Atrazini iliwekwa kwenye orodha pamoja na zebaki, kemikali za viwandani za PCB na masalia ya klordani, dawa ya kuua wadudu. Ndani ya ziwa walikuta makumi machache ya nanogramu (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa lita. Tuchukue 40 ili hesabu iwe nyepesi. Kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 3, yaani nanogramu 3,000. Maana yake ziwa liko chini ya kikomo mara 75. Wengi wakifika hapa hufunga daftari.

Sasa geuza hesabu hiyohiyo. Ziwa lile lina maji kama kilomita za ujazo 4,900. Zidisha mwenyewe: nanogramu 40 katika kila lita ni karibu tani 200 za atrazini zilizoyeyuka humo. Na maji yenyewe, kwa makadirio ya EPA, huchukua miaka kama 99 kubadilika yote. Anayesema "kidogo" ana haki, na anayesema "nyingi" ana haki pia. Ndiyo maana mabishano hayaishi.

Kinachonikera zaidi ni suala la wakati. Wakulima wa huko hupulizia kuanzia Aprili hadi Juni hivi, na mvua kubwa ya kwanza baada ya kupulizia ndiyo inayosomba dawa shambani. Mto unaopita kwenye mashamba ya mahindi, kama St. Joseph, hupanda ghafla kwa wiki chache kisha hushuka. Ukienda na chupa zako Februari na Novemba utarudi ukisema mto ni safi, wala hutakuwa umedanganya. Sheria nayo inatazama wastani wa mwaka wa sampuli za kila robo. Chukua mfano wa kubuni: robo tatu mikrogramu 0.5, robo moja 9. Wastani unatoka 2.6 na kidogo. Umefaulu mtihani! Chura aliyetaga mayai kwenye ile robo ya 9 hana habari na wastani wako.

Pendekezo langu: fedha za kupima zihamie milangoni mwa mito, kwenye mvua za kwanza, kila siku ikibidi. Katikati ya ziwa tuachane nako. Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kwani hayo maji si yanasafishwa kabla watu hawajayanywa? Tunatishana bure.

Mchangiaji wa pili

Chujio la mchanga halikamati kitu kilichokwisha kuyeyuka, ndugu yangu, na klorini haisaidii sana hapo. Inayosaidia ni kupitisha maji kwenye mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu kunasa kemikali, nao una gharama yake. Ndiyo iliyowapeleka wasambazaji wa maji wa Marekani mahakamani dhidi ya Syngenta, mtengenezaji wa dawa hiyo. Mwaka 2012 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 105 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Kwa hiyo swali la "si yanasafishwa" lina swali jingine nyuma yake: kwa fedha ya nani?

Mchangiaji wa tatu

Mimi kazi yangu ni maabara, upande wa maji. Mleta mada umeanza vizuri ukaja kuharibu kwenye pendekezo.

Atrazini kwenye udongo wenye joto na vijidudu hupungua nusu kwa miezi michache. Ikifika kwenye maji ya baridi, yenye kina cha wastani wa mita 85, mwanga hafifu na vijidudu vichache, huko huoza polepole mno. Sasa kama kinachoingia kila mwaka kinazidi kinachooza na kutoka, ziwa litapanda kidogo kidogo. Kupanda huko hutakuona mlangoni mwa mto hata ukichota kila saa, kwa sababu mto leo uko juu kesho uko chini. Utakuona katikati tu, kwa kurudi palepale miaka na miaka. Ukiacha kupima katikati, siku ukija kushtuka hutakuwa na namba ya zamani ya kulinganisha.

Halafu kuna jambo ambalo hata wapimaji wengine hulisahau. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa kwenye nyuzi 4. Katika miezi ileile ya kupulizia, maji ya ufukweni yameshapita nyuzi 4 na ya katikati bado yako chini yake. Yanapokutana yanachanganyika, yanakuwa mazito, yanazama. Panajengeka kama ukuta wa maji unaoambaa na ufuko, na unaweza kukaa wiki kadhaa. Dawa iliyoletwa na mto inabaki upande wa pwani, ambako ndiko mabomba mengi ya kuvuta maji ya kunywa yalipo. Meli ikienda katikati mwezi huo inapima maji ambayo mto bado haujayafikia. Baadaye joto likipanda, ziwa linajipanga tabaka mbili, na maji ya mto yanatandaa kwenye tabaka la juu. Chota mita 5, chota mita 100, utapata majibu mawili kutoka sehemu moja.

Na tusisahau mabaki yake. Atrazini ikivunjika haipotei, inageuka vitu kama desethilatrazini. Maabara isiyoitafuta haitaipata, na kikomo cha Marekani kinahesabu atrazini yenyewe tu. Jingine dogo ila linaudhi: sampuli ambayo mashine haikuona kitu, unaiandika sifuri au nusu ya kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kuona? Kwa maji yenye nanogramu chache uamuzi huo peke yake unaweza kuusogeza wastani, na ripoti nyingi hutaja njia iliyotumika kwenye mstari mmoja ambao hakuna anayeusoma.

Mchangiaji wa nne

Nalima mahindi, si kando ya ziwa hilo, ila dawa naifahamu. Naona kila mtu humu ana chupa mkononi na hakuna aliyeshika jembe. Anayepulizia hupunguza kulima udongo mara kwa mara, na udongo usiotifuliwa hausombwi ovyo na mvua. Ukiondoa dawa bila kusema kitakachokuja, umehamisha tatizo tu. Ulaya walipoiondoa atrazini, wakulima wengi wa mahindi walihamia tebuthilazini, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja. Je, hiyo nayo ilikuwa kwenye orodha ya vipimo tangu siku ya kwanza? Mtu hupata anachokitafuta.

Na si kila kilichoko ziwani kimepita mtoni. Atrazini imekutwa kwenye maji ya mvua pale Isle Royale, kisiwa cha Ziwa Superior ambacho hakina shamba hata moja. Hiyo ilisafiri angani. Mlango wa mto gani utaipima hiyo?

Mchangiaji wa tano

Mnapima sawa, mnalinganisha na nini? Umoja wa Ulaya unatumia mikrogramu 0.1 kwa dawa yoyote ya shambani, iwe kali au pole, na kwa sababu maji ya chini ya ardhi yalikuwa yanavuka hapo waliamua kuiondoa sokoni mwaka 2004. Marekani ni 3. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na 2, mwaka 2011 likapandisha hadi 100, likajumuisha na mabaki yenye klorini. Maji ya ziwa hilihili, nanogramu 40, Ulaya yako karibu nusu ya njia kufika kikomo, na kwa Shirika la Afya yako chini mara 2,500. Mwaka 2002 Tyrone Hayes, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha kwamba vyura madume waliokulia kwenye maji yenye mikrogramu 0.1 walianza kuota viungo vya jike. Watengenezaji walimpinga vikali, na wengine waliorudia majaribio hawakupata majibu yake. Binafsi naona kikomo cha Ulaya ni cha msimamo kuliko cha tiba, na sioni ubaya wake.

Mleta mada

Mchangiaji wa tatu, nimekubali, ule ukuta wa maji sikuujua. Naondoa sentensi ya kuachana na katikati. Lakini sirudi nyuma kwenye mvua za kwanza. Katikati panaweza kupimwa mara moja au mbili kwa mwaka, kabla tabaka halijajipanga, bila kupoteza kitu, maana ziwa halibadiliki kwa wiki. Mto unabadilika kwa usiku mmoja. Tena kwa mtoni kuna vifaa vya bei nafuu vya kupima kwa kingamwili, yaani protini zinazoshika kemikali inayotafutwa.

Mchangiaji wa tatu

Vipo, na ni vizuri kwa kuchuja sampuli nyingi haraka. Ila huchanganya atrazini na ndugu zake, kwa hiyo sampuli iliyosoma juu lazima irudiwe kwenye mashine. Kwa masharti hayo tuko pamoja. Na mvua ikingwe pia, mkulima ana hoja.

Mchangiaji wa nne

Mkitaka kupima mfereji unaotoka shambani kwangu, sina tatizo. Pimeni na wa jirani, siku ileile, mvua ileile.