Printa ya nyumbani iondoke, karatasi ibaki: mnasemaje?

MLETA MADA

Wakuu, kuna mambo mawili yanachanganywa kila mjadala huu unapozuka. Upande mmoja husema zama za karatasi zimepita, hivyo printa nyumbani ni ya nini? Upande wa pili hujibu kwamba karatasi haiepukiki, hivyo kila nyumba iwe na printa. Mimi naona hayo ni maswali mawili na kila moja lina jibu lake. Printa ya nyumbani, kwa watu wengi, si ya lazima tena. Hati ya karatasi bado ni ya lazima, tena inapaswa kuwa haki ya kila anayeiomba.

Nianze na mashine. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino wa maji. Kichwa chake kina vitundu vyembamba kuliko unywele, na wino usipotumika unakaukia humo humo. Ukiiwasha baada ya kukaa muda mrefu unaisikia ikihangaika kabla ya kuchapa chochote. Inajisafisha, na inajisafisha kwa kumwaga wino ulioununua kwenye sifongo lililofichwa ndani yake. Kurasa zikitoka na mistari myeupe unaagiza isafishwe tena, wino mwingine unakwenda sifongoni. Kwa hiyo anayechapa mara chache ndiye anayeumia zaidi kwa kila ukurasa anaoupata. Ziko pia aina ambazo rangi moja ikiisha, tuseme ya njano, mashine inagoma kuchapa hata barua ya maandishi meusi matupu.

Biashara imepangwa hivyo: mashine inauzwa rahisi, faida inafuatwa kwenye katriji, yaani kikasha cha wino. Ugomvi huo ulifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Impression Products, wauzaji wa katriji zilizojazwa upya, na Lexmark, watengenezaji wa printa. Mwaka 2017 mahakama iliamua kwamba kampuni ikishauza katriji, haki yake ya hataza (haki ya mvumbuzi) juu ya katriji hiyo imekoma, na aliyeinunua yuko huru kuijaza au kuiuza. Hata hivyo chipu zinazoikagua katriji na kuikataa isiyo ya kampuni hazikuondoka.

Sasa, nyumbani tunachapa nini hasa? Tiketi za ndege za karatasi zilifutwa na IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, tangu tarehe 1 Juni 2008. Picha zinabaki kwenye simu. Zimebaki fomu, na hapa ndipo pananiuma. Mtu anatumiwa fomu kwa barua pepe, anaichapa, anaisaini kwa kalamu, anaipiga picha, anairudisha kwa barua pepe ile ile. Aliyeipokea anahifadhi picha. Karatasi imeishi dakika tano, na sahihi iliyopatikana ni dhaifu kabisa, kwa sababu yeyote mwenye picha hiyo anaweza kuikata na kuibandika kwenye hati nyingine. Sahihi ya kidijitali inayotumia funguo za siri imefungamana na faili zima. Badilisha herufi moja, uhakiki unakataa. Sheria nazo zimekwisha kuikubali: kielelezo cha sheria cha UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, ni cha 1996, Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2000, na Umoja wa Ulaya una kanuni ya 2014 inayoipa sahihi ya kiwango cha juu nguvu ile ile ya sahihi ya mkono.

Lakini isomeni hiyo sheria ya Marekani mpaka kwenye sehemu ya mambo iliyoyaacha nje. Wosia umo. Notisi ya kukatiwa maji, umeme au huduma ya kupasha nyumba joto imo. Notisi ya kumtoa mtu kwenye nyumba anayoishi imo. Notisi ya kumfutia mtu bima ya afya imo. Waliotunga walitambua kwamba kuna habari ambayo haifai kuachwa izame katikati ya matangazo kwenye barua pepe. Msimamo wangu unasimama hapo: jambo likiwa zito kiasi cha kumfanya mtu alale nje, afikiwe kwa karatasi.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

FUNDI WA PRINTA

Mkuu, kuhusu wino umesema kweli, ila umezihukumu printa zote kwa makosa ya aina moja. Printa ya leza haina wino wa kukauka. Tona ni unga, unayeyushwa kwa joto na kugandishwa kwenye karatasi. Iache hata mwaka mzima, ukiiwasha inachapa. Anayechapa maandishi meusi tu, tena kwa nadra, anunue leza ya rangi moja aachane na masifongo. Na anayechapa rangi kwa wingi siku hizi zipo za matangi, unajaza wino wa chupa bila katriji.

Niongeze jambo ninalolikuta kila siku mezani kwangu. Watu wanazima printa ya wino kwa kuchomoa waya ukutani. Ukiizima kwa kitufe chake, kichwa kinarudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia vitundu visikauke. Ukichomoa waya kichwa kikiwa katikati, kinabaki wazi. Wiki chache baadaye inaletwa kwa fundi, na mwenye nayo anaapa kwamba ni mbovu tangu dukani. Kitufe kwanza, ndipo waya.

Na usisahau watu wanaofanyia kazi nyumbani. Anayeuza vitu mtandaoni anahitaji lebo za vifurushi kila siku. Huyo ukimwambia aende kuchapia nje, umemwongezea safari ya kila siku.

MWALIMU

Nitashikilia upande mmoja tu, wa kusoma. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliojumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Ulionyesha kwamba wanaosoma matini ya maarifa kwenye karatasi wanaelewa vizuri zaidi kuliko wanaosoma kwenye skrini, na tofauti inakuwa kubwa muda wa kusoma unapobanwa. Kwenye hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Tofauti si kubwa ya kutisha, lakini ipo, na vijana waliozaliwa na simu mkononi hawajaifuta.

Darasani naiona hivi: mwanafunzi mwenye karatasi anarudi nyuma. Anapiga mstari, anaweka alama ya kuuliza pembeni, anajua hoja ilikuwa juu ya ukurasa upande wa kushoto. Mwenye simu anateleza kwenda chini tu. Nyumba yenye mtoto anayejiandaa kwa mtihani, printa kwangu ni kifaa cha shule kama kamusi.

MCHANGIAJI MPYA

Jamani, simu inatosha. Denmark wamehamisha barua za serikali kwenda mtandaoni tangu 2014, na shirika lao la posta limeacha kabisa kupeleka barua mwishoni mwa 2025. Kama nchi nzima imeweza, sisi tunang'ang'ania nini? Halafu hati ya karatasi inaungua, inaloa, inaibiwa. Faili unaliweka sehemu tatu kwa wakati mmoja.

MLETA MADA

Ndugu, Denmark ni mfano mzuri, ila umeutaja nusu. Sheria yao inaruhusu asiyeweza kutumia mfumo wa kidijitali aombe kusamehewa na aendelee kupata barua za karatasi. Na shirika la posta lilipojitoa, kampuni nyingine iliendelea kupeleka. Wamepunguza karatasi sana bila kumfungia mlango anayeihitaji, na hicho ndicho ninachokililia.

Kuhusu simu kutosha: tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Viwanja vya ndege vilikwama, na nchini India abiria walipewa pasi za kupandia ndege zilizoandikwa kwa kalamu. Mei 2017 hospitali za Uingereza zilipovamiwa na kirusi cha WannaCry, wahudumu walirudi kwenye kalamu na karatasi ili wagonjwa waendelee kuhudumiwa. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba karatasi ni ya kizamani.

Mwalimu, kamusi umeniweza. Kwa mtoto wa mtihani nakubali.

MTUNZA NYARAKA

Nawasoma nyote mnaongea kana kwamba karatasi ni kitu kimoja. Sivyo. Chukua risiti ya dukani: ile karatasi haina wino, ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Iweke kwenye pochi au iache juani, baada ya muda maandishi yanafifia mpaka inabaki nyeupe. Watu wanatunza dhamana ya friji kwa risiti ya namna hiyo, siku ya kudai wanatoa kikaratasi kitupu. Ya namna hiyo ipige picha au itoe kopi siku hiyo hiyo.

Wino wa printa ya nyumbani nao mara nyingi ni wa rangi iliyoyeyushwa kwenye maji. Tone la jasho linautawanya, jua linaufifisha. Tona inastahimili zaidi. Karatasi yenyewe ikiwa na asidi inageuka njano na kukatika mikunjoni. Ndiyo maana kuna kiwango cha ISO 9706 kwa karatasi ya kudumu. Na tafadhalini, msipeleke vyeti halisi kutiwa laminesheni. Ile plastiki haitoki tena bila kukiharibu cheti, na mhakiki hawezi tena kugusa muhuri wala kuchunguza karatasi. Tia kwenye bahasha ya plastiki inayofunguka.

Sasa upande wa mafaili, ndugu mchangiaji mpya. Kuweka sehemu tatu ni vizuri, endelea hivyo. Lakini faili linahitaji programu ya kulifungua. Mwaka 1986 BBC ilikusanya habari za maisha ya Waingereza kwenye diski za leza, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, orodha ya ardhi na mali za Uingereza ya mwaka 1086. Kufikia mwaka 2002 mashine za kuzisoma diski zile zilikuwa adimu, ikabidi wataalamu wahangaike kuziokoa. Kitabu cha 1086 bado kinasomeka. Kwa ajili ya matatizo kama hayo, mwaka 2005 kilitoka kiwango cha PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhi kwa muda mrefu, ambacho kinalazimisha faili libebe fonti zake zote (maumbo ya herufi) ndani. Unapohifadhi hati muhimu, chagua hicho.

Na hili ndilo ninaloona halieleweki kabisa: ulizeni hati ya asili iko wapi. Hati iliyotiwa sahihi ya kidijitali ukiichapa, sahihi inabaki ndani ya faili. Ulichoshika mkononi ni nakala. Hati yenye muhuri na kalamu ukiipiga picha, picha ndiyo nakala. Nimeona watu wakitunza kwa uangalifu machapisho ya hati ya kidijitali huku faili lenyewe wamelifuta ili simu ipate nafasi.

MCHANGIAJI MPYA

Hapo kwenye asili umenifungua macho, mkuu. Lakini bado naona karatasi ina faida moja ambayo hamjaitaja: haifuatiliwi. Faili linaacha alama kila linapopita.

FUNDI WA PRINTA

Usitegemee hilo. Printa nyingi za leza za rangi huchapa vidoti vya njano vidogo mno ambavyo jicho halivioni kwa kawaida. Mwaka 2005 Electronic Frontier Foundation, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, walifumbua vya aina moja ya printa za Xerox, wakakuta namba ya mashine, tarehe na saa ya kuchapa. Weka taa ya bluu na kioo cha kukuzia, utaviona.

MLEZI

Mimi ninamuuguza mzazi, na ninawaomba mfikirie nyumba kama yetu. Mzee akipoteza fahamu, simu yake inadai alama ya kidole au namba ya siri. Dawa anazotumia, aina zinazomdhuru, namba ya bima, jina la daktari, vyote viko ndani ya simu iliyofungwa. Nilitengeneza jalada la kurasa chache, linakaa kwenye droo ya juu, na kila anayeingia kumsaidia anajua lilipo. Ukurasa wa dawa nauchapa upya kila daktari anapobadilisha kipimo, wa zamani nauchana. Nikiandika kwa mkono, mhudumu mwingine hukosea kusoma miligramu.

Sasa mleta mada ananiambia printa iondoke. Niende kuipanga foleni steshenari na orodha ya maradhi ya mzazi wangu, kwenye kompyuta ambayo faili linaweza kubaki na kila mtu akalisoma?

MLETA MADA

Dada au kaka, umenigusa mahali ambapo hoja yangu ilikuwa na pengo. Sikufikiria siri. Kuchapia nje kunamaanisha kumkabidhi mtu mwingine faili lako, na kompyuta nyingi za steshenari zina folda ya vipakuliwa iliyojaa vitambulisho na mikataba ya watu. Kwa nyumba yenye mgonjwa, leza ndogo ya rangi moja aliyoitaja fundi ina haki ya kuwepo. Anayelazimika kuchapia nje aende na faili kwenye flashi, alifungue kutoka kwenye flashi, na kabla ya kuondoka ahakikishe hakuna nakala iliyobaki kwenye kompyuta.

Lakini angalieni nani mwingine humu amelazimika kununua printa. Si kwa ajili ya dawa za mzazi wala mtihani wa mtoto. Wengi wamenunua kwa sababu ofisi fulani inadai fomu iliyochapwa, nakala ya kitambulisho na barua ya maombi, wakati ofisi yenyewe ina printa kubwa ya leza nyuma ya kaunta. Gharama ya karatasi imehamishwa kutoka kwa anayeidai kwenda kwa anayedaiwa. Hilo ndilo ningependa libadilike: ofisi ikidai karatasi iichape yenyewe pale pale kwenye kaunta, na mwananchi akiomba karatasi apewe.

MWALIMU

Na shule je? Zinazotuma kazi za nyumbani kwa simu na kumtaka mzazi azichape?

MLETA MADA

Na shule, mwalimu. Kazi inayotakiwa kufanywa kwenye karatasi itoke shuleni ikiwa kwenye karatasi.