Vipande sita kwa kumfuata Josef Herman: tuanzie wapi na vijana?

Kalamu_ya_Chaki
Wadau, kituo chetu cha jamii kinaandaa mchoro mkubwa na vijana 12, tukijifunza kwa Josef Herman, Mpolandi aliyewachora wachimba makaa ya mawe wa Wales. Tuna plaiwudi sita za futi 4 kwa 8. Yeye aliingiaje kwa wanakijiji? Na mchoro mdogo tuukuzeje bila maumbo kupinda?

BrashiPana
Herman alizaliwa Warsaw 1911, akaondoka 1938, akafika Glasgow 1940. Mwaka 1942 akapata habari kwamba familia yake Warsaw imeangamizwa. Ystradgynlais, kijiji cha wachimba makaa huko Wales, aliingia 1944, akaishi miaka 11. Alichora kwa wino wachimbaji waliochuchumaa, waliopumzika, na wanawake wao. Wakamwita Joe Bach, yaani Joe mdogo kwa Kiwelisi. Hilo ni jina la mtu wa kwao.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo msiguse rangi. Vijana wawachore wafanyakazi wa mtaani kwenu, kwa ruhusa yao, dakika 5 kila mchoro. Kisha waliochorwa wenyewe wachague ipi ikuzwe. Taa na kofia za Wales ziacheni. Cha kujifunza ni Herman anavyouchora mwili: mgongo mpana, mabega mazito, mikono mikubwa, uso bila vikorokoro.

Msasa80
Vipande vikisimama sambamba mnapata futi 24 kwa 8. Choreni kwenye karatasi ya inchi 24 kwa 8, pigeni miraba ya inchi 1; kwenye plaiwudi kila mraba ni futi 1, yaani 32 kwa kipande. Vilazeni vyote pamoja mnapochora kwa chaki. Kila kijana akijichorea chake pembeni, mabega hayatakutana kwenye maungio.

Praima, yaani rangi ya kwanza ya kuziba ubao, pakeni mbele, nyuma na kingoni. Mkipaka mbele tu, nyuma itanyonya unyevu na ubao utajikunja. Pande zote ni kama mita za mraba 36. Lita moja ikifunika 10, kupaka mara mbili kunataka lita 8 hivi.

BrashiPana
Rangi: anzeni na kahawia nyembamba kote, wekeni giza, halafu machungwa na njano ya jua la magharibi mwishoni. Nyeusi msichanganye kila mahali, mtapata tope. Giza litengenezeni kwa kahawia iliyokolea na buluu.

Kalamu_ya_Chaki
Ahsanteni sana. Mchoro wake wenyewe wa vipande sita uko wapi?

Msasa80
Unaitwa *Miners*. Aliufanya kwa ajili ya Festival of Britain, maonyesho ya kitaifa ya Uingereza ya 1951; sasa uko Glynn Vivian, jumba la sanaa la Swansea, Wales.