Naomba ushauri: kukagua boti iliyotumika, bwawa la Nyumba ya Mungu

Mgeni wa Maji (Moshi)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mkazi wa Moshi na sijawahi kumiliki chombo chochote cha majini. Nimepata boti ya faiba ya futi 18, ina injini ya Yamaha ya nguvu farasi 25, nayo iko Nyumba ya Mungu upande wa Mwanga. Mwenyewe anasema aliinunua Tanga, akaitumia baharini kwa muda, kisha akaileta huku. Anataka shilingi milioni nane kwa bodi na injini pamoja. Katika picha inapendeza sana, kwa kuwa imepakwa rangi mpya ya buluu ndani na nje. Nia yangu ni kuvua kwa ndoana mwisho wa wiki nikiwa na familia, na pengine baadaye kuwatembeza wageni wachache.

Jumamosi ninakwenda kuiona. Uzoefu wangu wote wa vitu vilivyotumika ni pikipiki, ambayo huipiga teke, ukasikiliza mlio na kuizungusha mtaani mara mbili. Je, kwa boti mtu huangalia nini kwanza, na ni kasoro ipi ikionekana niondoke bila kujadili bei?

Mwana wa Pangani

Ndugu Mgeni, hiyo rangi mpya ndiyo ya kwanza kuitilia shaka. Mtu anayeuza boti nzima hana sababu kubwa ya kuipaka rangi hadi chini ya sakafu, mahali ambapo hakuna anayepaona. Muulize ameipaka lini na kwa nini, halafu utafute sehemu ambazo brashi haikufika: chini ya viti, pembeni mwa mkuku (uti wa chini wa boti), nyuma ya tangi la mafuta.

Kasoro unayoiulizia, ile ya kumfanya mtu aondoke, kwa boti ya faiba iko kwenye tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unapofungwa injini. Wengi hudhani ukuta ule ni faiba tupu, kumbe katika boti nyingi ndani yake kuna mbao za plaiwudi zilizofunikwa kwa faiba pande zote mbili. Maji hupenya kupitia matundu ya bolti, mbao zikaoza taratibu, na kwa nje boti ikabaki inang'aa. Siku moja mwenye boti anaongeza mwendo, tezi inapasuka, na injini inakwenda chini ya maji. Kwa hiyo inyanyue injini kama mtu anayetaka kuipumzisha, shika sehemu yake ya chini, uisukume juu na chini kwa nguvu huku mwenzako akitazama tezi kwa karibu. Ikicheza, hata kwa upana wa ukucha, kuna ugonjwa. Kisha igonge kote kwa mpini wa bisibisi. Faiba iliyoshikana na mbao nzima hutoa mlio mkavu na mgumu, lakini palipooza mlio huwa mzito kama wa kugonga papai bivu. Muombe pia afungue bolti moja ya chini, kwani tundu likichuruzika maji ya rangi ya chai ya rangi, huhitaji kipimo kingine.

Nyufa ndogo kama nywele kwenye rangi ya juu zisikutishe sana, maana boti iliyokaa juani huzipata. Tofauti na hizo ni nyufa zinazotawanyika kutoka mahali pamoja mfano wa nyota. Hapo boti iligonga kitu, na lazima upande wa ndani wa mahali hapo uonekane. Pia itazame ikiwa majini bila mtu ndani. Ikilalia upande mmoja, au ikikaa chini kuliko alama ya zamani ya maji, huenda povu lililowekwa chini ya sakafu ili boti isizame limenyonya maji, na kulitoa maana yake ni kubomoa sakafu nzima.

Fundi wa Soweto

Naheshimu maneno ya Mwana wa Pangani, ila mimi naona sehemu kubwa ya milioni nane hizo iko kwenye injini, na ndiko wanunuzi wanakoumia. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuikuta injini ikiwa baridi. Injini nyingi zilizochoka huwaka vizuri zikishapashwa, hivyo weka kiganja juu yake kabla hata ya kumaliza salamu.

Akikataa kukuonyesha oili ya gia, ondoka. Kule chini kabisa ya nyumba ya gia, mbele ya rafadha (pangaboi inayosukuma boti), kuna skrubu ya kumwagia oili hiyo. Ilegezwe matone machache yatoke. Oili nyeusi ni ya zamani tu, lakini ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa basi maji yameingia ndani ya gia. Kwa Nyumba ya Mungu sababu ya kawaida ni uzi wa nyavu uliojizungusha kwenye shafti nyuma ya rafadha ukakata sili inayozuia maji, kwa hiyo itoe rafadha utazame.

Asiiwashe nchi kavu kukufurahisha. Pampu yake ya maji ina mpira ambao huharibika haraka sana ukizunguka bila maji, kwa hiyo iwashwe bwawani au sehemu yake ya chini iwe ndani ya pipa la maji. Ikishawaka utaona imeanza kukojoa pembeni, yaani kutoa maji ya kupozea, na mkojo huo uwe wa nguvu na usiokatika. Kwa kuwa injini hii ilitoka baharini, muulize kama ilikuwa ikisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kila safari, kwa sababu chumvi huganda kwenye njia za kupozea, na injini inayokojoa kwa shida inaweza kuwa imeshaungua ndani. Mwenye kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) apime silinda zote mbili, na tofauti isizidi asilimia 10 hivi.

Jambo moja ambalo watu wa huku juu hulisahau: injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Nyumba ya Mungu iko juu ya mita 650, kwa hiyo usitegemee kasi ambayo muuzaji aliipata Tanga, wala usimlaumu kwa tofauti hiyo.

Mgeni wa Maji (Moshi)

Nashukuru sana, wakuu. Ndugu Fundi, je, nikimchukua fundi wangu wa bodaboda atanifaa, au nitakuwa nimempandisha gari bure?

Fundi wa Soweto

Atakufaa kwa plagi na kabureta. Ila injini nyingi za namna hiyo huchanganya petroli na oili, wakati vijana wa sasa wamelelewa na pikipiki zenye oili ya peke yake. Ukipata mzee aliyewahi kutengeneza Vespa, mchukue huyo.

Mama Perege

Wanangu, mmeikagua boti vizuri, sasa mimi niseme kuhusu maji yenyewe, maana nimenunua samaki pale kwa miaka mingi. Bwawa lile lilijengwa katika miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, na maji yake hupanda na kushuka kwa mvua na kwa mahitaji ya umeme. Yakishuka, visiki ambavyo mwezi uliopita ulipita juu yake bila kujua vinakuwa chini kidogo tu ya uso wa maji. Ndiyo maana nakuomba uukague mkuku na ncha za rafadha kwa vidole, siyo kwa macho. Na safari ya majaribio usiifanye asubuhi peke yake, kwa sababu asubuhi bwawa hutulia kama sinia, ilhali alasiri upepo ukianza utaijua boti. Ipakie watu wazima wanne, ikimbize kwa kasi yote dakika kumi, kisha uzime na uangalie maji yaliyoingia ndani.

Kuhusu idadi ya watu, chukua urefu kwa futi, uzidishe kwa upana, ugawanye kwa 15. Boti ya futi 18 kwa 5 inakupa watu sita, na hao ni kwa maji yaliyotulia. Kila mmoja awe na jaketi okozi lililofungwa, mtoto awe na la saizi yake.

Karatasi nazo usizione ndogo. Usajili na ukaguzi wa usalama wa chombo ni kazi ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na kubeba wageni kwa malipo ni jambo jingine kabisa na kuvua kwako wewe. Kwa samaki, hata wa ndoana, muone ofisa uvuvi wa halmashauri kwanza, kwani bwawa limewahi kufungwa ili samaki wazaliane. Namba ya injini ilingane na ya kwenye risiti, maana injini za boti huibwa, na mauziano yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji.

Mgeni wa Maji (Moshi)

Nimerudi jana. Tulifika saa mbili asubuhi, nikaweka kiganja juu ya injini, ikawa ya moto. Mwenyewe akasema alikuwa "anaipasha kidogo". Tulimwomba radhi, tukanywa chai hadi karibu saa sita, na ilipopoa kamba ilivutwa mara kumi na moja ndipo ikawaka. Hata hivyo ilikojoa vizuri, oili ya gia ilikuwa nyeusi lakini si nyeupe, na namba zilikuwa sawa na za kwenye risiti. Tezi ndiyo iliyonichosha: upande wa kulia ulitoa mlio wa papai, na alipoombwa kufungua bolti alikataa. Nikaaga. Leo ametupigia simu akishusha bei hadi milioni sita na nusu. Je, tezi inaweza kutengenezwa kwa hiyo milioni moja na nusu?

Mwana wa Pangani

Inaweza kutengenezeka, ila hakuna fundi mwaminifu atakayekutajia gharama kabla ya kuondoa injini na kukata faiba ya ndani, kwa sababu uozo huo mara nyingi umeshafika kwenye mbao za sakafu. Mtake akuuzie injini peke yake, mkubaliane bei yake mbali, na bodi abaki nayo. Akikubali haraka sana, mpelekee yule mzee wa Vespa apime kompresheni kabla hujatoa hata shilingi.