Nyumba ya mabinti wa Walker si ubao wa kuandikia majina yenu

Ndugu wanajukwaa, nimerudi juzi kutoka hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains huko Marekani, upande wa jimbo la Tennessee, na hasira niliyorudi nayo haijapoa. Tulikuwa watu kumi na wanne, kila mmoja amemlipa kiongozi wa msafara, ambaye simtaji, atupeleke kwa miguu hadi kwenye nyumba ya magogo walimoishi mabinti wa Walker, dada wa familia moja ya milimani, huko Little Greenbrier.

Njia yenyewe sina la kuilalamikia. Ukishaipita shule ya magogo iliyojengwa mwaka 1882, unapanda msituni taratibu kwa zaidi kidogo ya maili moja, mpaka unapotokea kwenye uwazi penye nyumba, ghala la mahindi na kibanda cha chemchemi ambamo maziwa yalihifadhiwa yasichache. Kilichonichefua kilikuwa ndani. Magogo ya ukutani yamechanjwa majina, tarehe na mioyo iliyochomwa mishale, na nikiwa bado nayasoma kwa mshangao, kijana wa kundi letu akatoa ufunguo wa gari akaanza kuchonga herufi za jina lake na la mchumba wake. Unga wa mti ulimdondokea kwenye kiatu, na pale ufunguo ulipopita pakabaki mstari mweupe kama jeraha bichi. Kiongozi wetu, badala ya kumzuia, alimmulikia kwa tochi ya simu!

Hilo si gofu lisilo na mwenyewe. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1934, familia nyingi za milimani ziliuza ardhi zikahama, lakini mabinti hao watano, ambao hawakuwa wameolewa, waligoma kuondoka, na walipokubali hatimaye kuuza, ilikuwa kwa sharti kwamba waendelee kuishi humo hadi kufa kwao. Louisa, wa mwisho wao kubaki humo, alifariki mwaka 1964. Makala ya gazeti moja ya mwaka 1946 ilipowaletea wageni wengi, waliwapokea vizuri na hata kuwauzia mashairi ambayo Louisa aliyaandika kwa mkono wake, mpaka uzee ulipowalemea, wakaomba kibao cha kuwakaribisha wageni kiondolewe. Watu waliofikia hatua ya kuomba kuachwa wapumzike, leo tunawachanja kuta zao kwa funguo.

Wapo watakaonijibu kwamba hata majina hayo yatakuja kuwa historia. Hoja hiyo nimeisikia njia nzima wakati wa kurudi, na sijaona kwa nini mtu aliyekaa humo dakika ishirini ajihesabu sawa na waliolima, waliofuga na kusuka nguo zao hapo maisha yao yote. Isitoshe, sheria ya Marekani iko wazi: kuharibu mali ya hifadhi ya taifa kunaweza kukupeleka jela hadi miezi 6 na kukutoza faini hadi dola 5,000. Kiongozi anayelipwa kwa kazi hii hawezi kudai kwamba hakujua.

Nilimwandikia jioni ileile, kwa adabu na kwa kirefu, nikimtaka azungumze na yule kijana na awaarifu walinzi wa hifadhi. Alinijibu kwa picha ya kidole gumba, akaambatisha tangazo la safari ijayo: Cades Cove, bonde jingine la hifadhi hiyohiyo, kwenye nyumba nyingine ya kale ya magogo, ya John Oliver.