Mjadala: Sinema ya Mji Mkongwe iwe na baa?

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Wapo wanaopendekeza kwamba moja ya majengo makongwe ya Mji Mkongwe ligeuzwe sinema ndogo ya kujitegemea, ioneshe filamu zisizofika kwenye kumbi kubwa za biashara, na pembeni iwekwe baa ili mauzo ya vinywaji yazibe pengo la tiketi. Sinema naiunga mkono kwa moyo wangu wote, baa naipinga.

Hoja ya fedha si ya kubezwa. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu, na tiketi za viti vichache haziwezi kulipia umeme, mashine na fundi chokaa kwa pamoja.

Lakini tujiulize sinema za hapa zilikuwa zikijazwa na nani. Jengo la Majestic pale Vuga, lililoanza kwa jina la Royal mwaka 1921, liliungua 1954 na likajengwa upya, kwani watu walikuwa wakilihitaji. Marehemu bibi yangu alikuwa akinisimulia maonesho ya wanawake peke yao: wakitoka Ng'ambo kwa miguu, makundi kwa makundi, watoto wameshikwa mikono na njugu zimefichwa ndani ya buibui, na taa zikizimwa mabuibui yakishushwa mabegani, ukumbi mzima ukinukia asumini. Mama wa leo hatampitisha mwanawe mbele ya kaunta ya pombe ili akaone picha, na hata mkitenga siku za familia, mahali pakishaitwa baa mtaani jina hilo halitoki.

Wengine wanasema kwamba bila bia watalii hawatakuja. Mtalii ana mahoteli tele ya kunywea. Asichokipata huko ni kukaa gizani na Wazanzibari wakacheka pamoja kwa jambo moja. Katika tamasha la filamu linalooneshwa Ngome Kongwe, nimemwona mzee akimfasiria mjukuu wake maneno ya picha kwa sauti ya chini, na mgeni aliyekaa ngazi ya nyuma akainama ili naye asikie, ingawa nina hakika hakuelewa hata neno moja.

Basi kaunta iwepo, iuze kahawa na kashata, juisi ya miwa na mbatata za urojo. Asubuhi ukumbi ukodishwe kwa skuli, na jioni zisizo na picha upewe vikundi vya taarabu kwa mazoezi. Naomba wenye pendekezo watuwekee hapa hesabu yao: baa inatarajiwa kuingiza shilingi ngapi kwa mwezi, na jengo walilolikusudia ni lipi, nyumba ya kuishi au godauni, maana idadi ya viti itategemea hilo.